Mutoto Akifika Hopitali Peke Yake



Kule Misisi na katika machimbo mengine ya zahabu ya Fizi, kuna watoto wanaoishi mbali na wazazi wao. Baba yuko shimoni, mama amekwenda Baraka kuuza, ama mutoto amekuja mwenyewe kutafuta kazi, ijapokuwa sheria inakataza. Siku akiangukiwa na jiwe ama akishikwa na kipindupindu, mulangoni pa hopitali anaulizwa: «Muzazi wako iko wapi? Nani atalipa?»

Tuelewe vizuri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba mutoto ni kila mutu asiyetimiza miaka 18. Kwa matunzo yanayoweza kungoja, muganga anapaswa kupata kwanza ruhusa ya muzazi ama mulezi. Hiyo ni haki ya jamaa. Lakini kipindupindu kikali kinaweza kuua kwa saa chache tu. Sheria hiyo hiyo inaweka faida ya mutoto mbele, na sheria ya makosa ya inchi yetu inamwazibu anayekataa kwa kusudi kumusaidia mutu aliye hatarini. Basi muganga atunze kwanza, huku muzazi akitafutwa. Aandike katika daftari saa mugonjwa alipofika, hali yake, na nani aliyetumwa kuita jamaa.

Kuna jambo lingine tunaloona haya kulitaja. Musichana aliyebakwa anapaswa kupata dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI mbele ya saa 72 kupita, na kadiri anavyokuja mapema ni vema zaidi. Pengine aliyemutendea ubaya ni mutu wa nyumbani. Kumwambia «rudi umulete mulezi wako» ni kumurudisha mikononi mwa adui. Kisha kubakwa kwa wanawake wa Fizi tarehe 1 Januari 2011, mahakama ya kijeshi iliketi Baraka, na mwezi wa pili afisa mumoja akahukumiwa miaka 20. Hukumu inaweza kungoja majuma, dawa haiwezi.

Nyumbani tufanye nini?

— Mutoto ajue jina lake kamili, mutaa wake na namba ya simu ya mukubwa mumoja.

— Muzazi anayesafiri amwachie mama mukubwa, shangazi ama jirani mwaminifu kazi ya kusimama kwa mutoto, na mutoto aambiwe ni nani.

— Kijana, ukiumia usijifiche kwa kuogopa fimbo. Kimbia hopitali, ruhusa itakufuata.

— Kila kanisa liweke akiba ndogo kwa ajili ya mugonjwa asiye na mutu.

Musamaria wa Luka 10 hakuuliza kwanza baba ya yule majeruhi ni nani. Alifunga vidonda, akamupeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kumaliza deni akirudi. Na sisi, mutoto wa jirani akibisha usiku, tumupeleke. Maulizo yatafuata kesho, yeye akiwa muzima.