Mwacheni Mpemba, Poozeni Maji

Kuanzia Kihesa hadi Mwanjelwa, wauza barafu wananiuliza swali lile lile, na siku hizi wamepata jina la kujikingia: "Fundi, si Mpemba alithibitisha kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi? Sasa nikiyaepua nikayatia friza hapo hapo, si naokoa umeme?" Huokoi, unauongeza. Na Mpemba hahusiki na bili yako.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Shuleni walitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania, naye akaona akisubiri ataikosa. Akaweka yake yakiwa ya moto, yakatangulia kuganda. Baadaye wauza aiskrimu wa Tanga wakamwambia wao ndivyo wafanyavyo. Alipokuwa sekondari ya Mkwawa, hapa Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kutoa mhadhara. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kupima, na mwaka 1969 makala yao wawili ikatoka katika jarida la Physics Education.

Sasa angalia walichopima: muda. Mita ya umeme haikuwemo kabisa. Basi likipanda mlima wa Kitonga mbio, utasema limekula dizeli kidogo?

Joto la kuondolewa lina hesabu yake, na hesabu hiyo haijali haraka yako. Kilo moja ya maji, ili ishuke nyuzi moja tu, lazima itoe kilojuli 4.2. Hilo ndilo joto mahususi la maji, na ni kubwa mno: mafuta ya kupikia ni kama 2, alumini ni 0.9. Ndiyo maana sufuria tupu ukiiepua inapoa mara moja, lakini ikiwa na maji unaifuata baada ya saa nzima na bado inakuunguza.

Chukua lita 5 za maji ya ubuyu, tuyahesabu kama maji matupu. Yako nyuzi 90. Kuyafikisha sifuri ni 5 mara 4.2 mara 90: kilojuli 1,890. Yakifika hapo bado hayajaganda. Kuyagandisha kunadai kilojuli nyingine 1,670 hivi, huku kipimajoto kimesimama pale pale. Jumla 3,560. Maji hayo hayo yakiingia yakiwa nyuzi 18, jumla ni 2,048. Tofauti ya kilojuli 1,512 umeibebesha kompresa bure. Kompresa haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na kila linalohamishwa LUKU inalilipia. Niliowaeleza hivi wananijibu, "Lakini yanaganda haraka, fundi." Nami nauliza: ulipima kwa saa, au ulifungua mlango mara kumi kuchungulia?

Maana hata hiyo haraka yenyewe ina utata. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona maji ya moto yakiyatangulia ya baridi kufika sifuri. Wakaonyesha pia kwamba ukikisogeza kipimajoto sentimita moja tu, unaweza kupata jibu la kukufurahisha. Wapo wanasayansi wasiokubaliana nao, na mjadala unaendelea. Haumhusu mwenye friza lililojaa theluji kutani. Sufuria ya moto huyeyusha theluji iliyo chini yake, ikakaa vizuri kwenye bati, joto likapita upesi. Hapo huna maajabu ya Mpemba, una friza linalohitaji kuyeyushwa na kusafishwa. Tena ule mvuke unaopanda ndio unaoongeza theluji nyingine, na samaki uliowalaza pembeni wanaanza kulegea. Ukiwagandisha upya unaweza kuwauzia watu ugonjwa.

Cha kufanya ni chepesi, na nyanda hizi zimejaliwa baridi ambayo wa Dar wanainunua. Weka sufuria ya lita 5 za nyuzi 90, imefunikwa, ndani ya beseni lenye lita 20 za maji ya bomba ya nyuzi 15. Koroga. Vyote vikikutana ni nyuzi 30 hivi. Mwaga maji ya beseni, tia mengine 20: utafika karibu na 18, bila senti ya umeme. Maji ya beseni yamwagilie mchicha. Ubuyu uliopoa ufunge kwenye vifuko vidogo, vipange vikiwa na nafasi, usivirundike. Theluji ikifika unene wa kidole cha mwisho, zima friza uyeyushe, na kisu usikitumie, utatoboa bomba la gesi kisha utaniita usiku. Maziwa na supu usiviache mezani zaidi ya saa mbili kwa kisingizio cha kuvipooza. Beseni ni la kazi hiyo pia. Mpira wa mlango ukishindwa kushika karatasi uliyoibana mlangoni, badilisha mpira kabla hujalaumu kompresa.