Surua Inavyofuta Kumbukumbu ya Mwili

Homa ikishuka, macho yakitakata na vipele vikaanza kubabuka, mzazi hushusha pumzi. Surua imepita. Jirani na bibi wa mtoto humwambia kwamba sasa ametua mzigo, maana mtoto huyu hataugua tena surua maishani mwake. Ni kweli. Lakini miezi michache baadaye mtoto yuleyule anarudishwa kituo cha afya ana nimonia, au anaharisha hadi analegea, au sikio linatoa usaha, na wala hakuna anayekumbuka kuuliza kama alishaugua surua. Swali hilo lingepaswa kuulizwa kila mara. Kwa kadiri ninavyoufahamu ugonjwa huu, upele ndio sehemu yake ndogo kabisa.

Kirusi cha surua, kama virusi vyote, hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaana peke yake. Kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi zisizofika 16,000 na jeni sita tu. Mengine yote kinayategemea kwa mwenyeji wake: chakula cha kujengea protini, mitambo ya kuzijenga, hata utando wa kujifunikia kinapotoka. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kuhusu kirusi chochote ni hili: kinaingia seli gani? Ukishajua hilo, dalili nyingi za ugonjwa zinaanza kueleweka.

Kila kirusi kina mahali pake pa kushika juu ya seli, panapoitwa kipokezi. Kirusi cha UKIMWI hushika kipokezi cha CD4, na wasomaji wengi wanalijua jina hilo kutokana na vipimo vya kliniki. Cha surua hushika CD150, kipokezi ambacho watafiti wa Japani walikitambua mwaka 2000. CD150 inapatikana hasa kwenye seli za kinga zenyewe: walinzi waliomo mapafuni, pamoja na seli nyeupe za damu aina ya B na T. Wengi hudhani surua huanza kooni kama mafua, kisha ikashuka. Sivyo. Mtoto akivuta hewa ya chumba alimokuwa mgonjwa, hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, virusi hudakwa na walinzi wa mapafu. Kazi ya walinzi hao ni kubeba wanachokikamata hadi kwenye mitoki ili seli za B na T zikikague na kujiandaa. Wanakibeba kirusi kikiwa kizima, na kule mitokini ndiko ziliko seli zenye CD150 kwa wingi.

Kikishashika, protini yake moja, iitwayo H, hubaki imeng'ang'ania, na nyingine, F, huunganisha utando wa kirusi na utando wa seli. RNA inaingia ndani. Hapo kuna kikwazo: seli ya binadamu haina mtambo wa kunakili RNA kutoka kwenye RNA nyingine kwa namna kirusi hiki kinavyohitaji. Kirusi kimekitatua kwa kuja na kimeng'enya chake chenyewe. Kimeng'enya hicho huanza kusoma upande mmoja wa uzi na kwenda mbele, na kila kinapovuka jeni moja kwenda nyingine, mara nyingine huachia njiani. Matokeo yake jeni ya kwanza husomwa mara nyingi sana, ya mwisho mara chache. Ukitazama mpangilio wenyewe unaona faida yake: ya kwanza ni ya protini inayofunika RNA yote, inayotakiwa kwa maelfu, ya mwisho ni ya kimeng'enya chenyewe, ambacho vichache vinatosha.

Seli iliyovamiwa haikai kimya hivihivi. Kwa kawaida ingetoa interferoni, kemikali ya kuzitahadharisha seli jirani. Kirusi cha surua hutengeneza protini inayoziba mawasiliano hayo. Ndiyo maana kuna siku nyingi za ukimya, kati ya 10 na 14 tangu kuambukizwa hadi homa kuanza, ambapo mtoto anacheza na kwenda shule huku virusi vikijaa mitokini, kwenye wengu na katika damu. Zaidi ya hapo, protini F hujitokeza juu ya seli iliyoambukizwa na kuiunganisha na jirani yake. Chini ya hadubini unaona seli kubwa moja yenye viini kumi, ishirini au zaidi. Kwa njia hiyo kirusi hutoka seli moja hadi nyingine bila kupita nje, mahali ambapo kingamwili zingeweza kukinasa.

Sasa inabaki kutoka. Seli nyeupe zilizoambukizwa husafiri hadi chini ya ngozi laini inayofunika njia ya hewa, na huko kirusi hukutana na kipokezi kingine, nectin-4, kilichotambuliwa mwaka 2011. Kipokezi hiki kiko upande wa ndani. Kirusi huingia kwa chini, huzaliana, kisha humwagika upande wa juu, kwenye njia ya hewa, na kikohozi hukitupa chumbani. Ni utaratibu wa kutisha kwa ufanisi wake: ukikaa karibu na mgonjwa nawe huna kinga, uwezekano wa kuambukizwa unafikia 9 kati ya 10. Na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele.

Siku hizo za homa na macho mekundu, mhudumu anayejua kazi yake humwambia mtoto afungue mdomo, akamulika upande wa ndani wa mashavu, mkabala na magego. Akiona vidoa vyeupe vidogo kama punje za chumvi juu ya wekundu, ameiona surua kabla upele haujatoka. Daktari Henry Koplik wa New York ndiye aliyevieleza mwaka 1896, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake.

Upele wenyewe hausababishwi na kirusi moja kwa moja. Ni seli za T zimefika kwenye ngozi na zinaua seli zilizovamiwa. Wazee wetu wengi husema surua isipotoka yote nje itageuka ndani na kuua. Nadhani walikuwa wameona vizuri ila sababu ni nyingine: mtoto ambaye seli zake za T ni dhaifu, kwa mfano mwenye VVU bila matibabu au utapiamlo mkali, anaweza asitokwe na upele wa kutosha, naye ndiye aliye hatarini zaidi. Hakuna kitu kinachotakiwa kusukumwa nje kwa dawa ya kunywa wala ya kupaka.

Lakini fikiria seli zilizokufa katika vita hivyo ni zipi. Zenye CD150 kwa wingi ni seli za kumbukumbu, zile zinazotunza habari za kila kimelea ambacho mtoto amewahi kukutana nacho. Virusi huziua, na seli za T zinazokuja kusafisha huziua pia. Baada ya wiki kadhaa hesabu ya seli nyeupe hurudi, na kipimo cha kawaida cha damu kitasema mambo ni sawa. Idadi imerudi, ila nyingi kati ya hizi mpya zinaijua surua. Ndiyo maana mwili unaweza kuishika surua maisha yote na papo hapo ukawa umesahau mengine.

Dalili ya kwanza ya jambo hili ilionekana zamani. Mwaka 1908 daktari Clemens von Pirquet alieleza kwamba watoto ambao ngozi yao iliitikia kipimo cha kifua kikuu huacha kuitikia wanapougua surua. Mwaka 2015 wachambuzi wa takwimu za Uingereza, Marekani na Denmark walionyesha kwamba vifo vya watoto kwa magonjwa mengine ya kuambukiza hufuata surua kwa miaka miwili hadi mitatu. Na mwaka 2019 ukapatikana ushahidi wa damu yenyewe: watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa walipimwa kabla na baada ya surua, na ikaonekana wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao mbalimbali. Waliopata chanjo hawakupoteza hivyo.

Chanjo ni kirusi chenyewe kilichodhoofishwa, kinachotokana na kile ambacho John Enders na Thomas Peebles walikiotesha maabara huko Boston mwaka 1954. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1963, na bado inafanya kazi dhidi ya surua ya popote duniani, wakati chanjo ya mafua hubadilishwa karibu kila mwaka. Sababu iko kwenye H: ikibadilika sana ili kukwepa kingamwili, haiwezi tena kushika kipokezi chake. Dozi ya kwanza hapa kwetu, Tanzania na Kenya, hutolewa miezi tisa, kwa kuwa kabla ya hapo kingamwili alizoachiwa mtoto na mama yake huweza kukiua kirusi cha chanjo kabla hakijazaliana na kuufundisha mwili. Hata kwa miezi tisa, takriban asilimia 15 ya watoto hawaitikii. Dozi ya pili ya miezi 18 ndiyo inayowapata hao, na inaniuma kuona kadi nyingi zimeishia kwenye ile ya kwanza.

Mwaka 2019 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliripoti zaidi ya wagonjwa 300,000 walioshukiwa kuwa na surua, na waliokufa walipita 6,000. Ni zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola iliyokuwa mashariki mwa nchi hiyo wakati huohuo, ambayo dunia nzima iliizungumzia. Hesabu hiyo haiwahusu waliokufa mwaka uliofuata kwa nimonia au kuhara.

Kwa aliyekwishaugua, kuna jambo lililojaribiwa Tanzania. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa, baadhi wakapewa vitamini A na wengine wakapata matibabu ya kawaida tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: kati ya 92 wasiopewa walikufa 12, kati ya 88 waliopewa walikufa 6. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, kwani surua huimaliza mwilini, na upungufu wake huharibu macho na utando wa mapafu na utumbo. Vitamini hiyo hairudishi kumbukumbu iliyofutwa. Seli zitalazimika kukutana upya na kila kimelea, kwa kuugua au kwa kuchanjwa, na ndiyo maana baadhi ya watafiti wanapendekeza ichunguzwe kama mtoto aliyepona surua arudiwe chanjo zake nyingine, ikiwemo ya nimonia na ya pepopunda, ambazo kadi inaonyesha alishazipata.