Mpunga wa Bonde la Kilombero: Nani Hulima Wapi (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza jinsi mto Kilombero unavyofurika wakati wa masika na kuacha tope linaloupenda mpunga, inafaa sasa kuwatazama watu wenyewe, kwa kuwa maji na udongo peke yake havielezi kwa nini wakulima wawili wa kijiji kimoja huitumia ardhioevu, yaani ardhi inayotuamisha maji kwa sehemu ya mwaka, kwa njia tofauti kabisa.

Miongoni mwa Wandamba, wenyeji wa bonde hilo ambao tangu zamani wameishi kwa uvuvi na mpunga, shamba hupatikana aghalabu kupitia ukoo, ilhali mgeni asiye na jamaa hukodi kwa msimu, pengine kwa kulipa magunia baada ya mavuno. Aliyekodi hana sababu ya kujenga majaruba, yaani vitalu vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kuzuia maji, ikiwa mwakani mwingine ndiye atakayevuna jasho lake. Na si haki kuuita uvivu uamuzi huo, ambao ni hesabu ya mtu asiye na uhakika wa ardhi. Hali ya mwanamke ni nzito zaidi, kwani ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambulia haki sawa na ya mwanamume, mjane aliyepalilia shamba la mumewe kwa miaka mingi huweza kulipoteza mbele ya shemeji zake.

Wasukuma waliohamia kutoka kanda ya Ziwa walikuja na ng'ombe na plau, wakalima maeneo makubwa ambayo jembe la mkono halikuyamudu, na hapo ndipo mivutano kuhusu malisho na mipaka ilipozidi.

Hata tarehe ya kupanda huamuliwa na majirani. Mpunga unapoanza kutia maziwa, makundi ya kweleakwelea, ndege wala nafaka, hushuka, na shamba lililotangulia peke yake huliwa lote. Kwa hiyo wakulima hupanda kwa pamoja ili ndege wagawanyike, kisha familia nzima huhamia bondeni kuwaamia, mtoto akikaa juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, akivuta kamba iliyofungwa makopo, huku wenzake wakiwa darasani.