Kuizunguka Dunia kwa Cessna Ukiwa Sebuleni: Pesa Iende Wapi?

Mtu akitaka kununua simuleta, yaani programu ya kurusha ndege nyumbani, huanza na picha: ipi inaonyesha mlima ukawa mlima, ipi ina mawingu ya kutisha. Kwa anayepania kuizunguka dunia nzima kwa ndege ndogo, picha ni suala la tatu au la nne. La kwanza ni umbali. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, halitambui rekodi ya kuzunguka dunia mpaka rubani awe amekata angalau kilomita 36,787, urefu wa mstari wa Tropiki ya Kansa. Cessna 172, ndege ambayo karibu kila simuleta huja nayo, hutembea kilomita 220 hivi kwa saa. Gawanya, utapata saa 167 angani. Ukiruka saa moja na nusu kila jioni bila kukosa, ni karibu miezi minne.

Rubani wa kweli angechoma zaidi ya lita 5,000 za petroli ya ndege kwa mwendo huo. Wewe utachoma bando. Kwa hiyo chochote unacholipia kwa saa au kwa mwezi kizidishe kwanza kwa urefu wa safari, ndipo uangalie bei iliyoandikwa kwenye kasha. Wengi hufanya kinyume chake.

Umeme usikutishe. Kompyuta ya mezani yenye kadi nzito ya grafiksi, tuseme inakula wati 400, itamaliza uniti 67 mpaka urudi nyumbani. Kwa Sh356 za Tanzania kwa uniti, hiyo ni kama Sh24,000. Kompyuta mpakato ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Tuliache hilo.

Intaneti ndiyo yenye maneno. Microsoft Flight Simulator 2024, iliyotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote, na uzuri huo haukai kwenye kompyuta yako. Unakaa kwenye seva, nawe unauvuta kidogo kidogo unavyosonga mbele. Microsoft wenyewe wametaja kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kuwa kima cha chini, na 50 kuwa ndiyo inayofaa. Hicho kima cha chini kikitumika mfululizo ni GB 4.5 kwa saa. Kwa safari nzima ni GB 750. Haitafika huko, kwa sababu juu ya bahari kuna nini cha kupakua zaidi ya maji? Lakini ukiikaribia Tokyo au New York, bomba hufunguka. Kata makadirio hayo mara tatu, bado una GB 250 za kulipia. Mwenye faiba ya malipo ya mwezi hatahisi kitu. Mwenye bando la simu achukue bei ya GB moja anayonunua, azidishe mara 250, kisha alinganishe na bei ya programu yenyewe.

Si gharama tu. Tarehe 19 Novemba 2024, siku programu hiyo ilipoingia sokoni, seva zilizidiwa. Watu waliolipa mpaka dola 199.99 wakabaki wanautazama mstari wa kupakia ukigoma kwenye asilimia 97, na watengenezaji wakaomba radhi hadharani. Mambo yalitengemaa baadaye, ila somo lipo pale pale: unanunua kitu ambacho nusu yake iko mbali nawe.

Kaka yake, toleo la 2020, linasemwa siku hizi kana kwamba limepitwa na wakati. Kwa mtu wa bando, mimi naliona ni bora kuliko mdogo wake. Kulisimika ni kazi nzito, zaidi ya GB 100, lakini ni mzigo wa mara moja. Baada ya hapo unaingia kwenye mipangilio ya data na kufanya mambo matatu: unaweka kikomo cha GB, unatenga nafasi kwenye diski ya kuhifadhia maeneo uliyokwisha kuyapita, na ukibanwa kabisa unazima picha za satelaiti. Dunia inabaki na milima yake, mito yake na viwanja vyake, ila majengo yanakuwa ya kubuni. Halafu halidai kompyuta kubwa sana: kumbukumbu ya GB 16 inalitosha vizuri, wakati lile la 2024 linaifanya hiyo kuwa kiwango cha chini na kupendekeza 32.

X-Plane 12, ya Laminar Research ya Marekani, imeshika njia nyingine. Wakati wa kusimika unachagua mabara unayotaka, unayapakua, kisha mandhari haihitaji tena intaneti. Ukiinunua kwao moja kwa moja, folda yake nzima inanakilika kwenye diski ya nje, kwa hiyo rafiki mwenye faiba anaweza kukupakulia dunia yote kwa siku mbili, ukaibeba nyumbani mfukoni. Inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Ilipotoka rasmi Desemba 2022 iliuzwa dola 59.99, angalia bei ya siku unayonunua. Lipo pia toleo la majaribio la bure, lenye eneo dogo na muda mfupi, na nashauri usilipe senti kabla ya kulijaribu kwenye kompyuta yako. Kasoro yake ni ardhi. Barabara zinafuata ramani halisi, lakini nyumba ni zile zile za kubandika, na Kariakoo yake inaweza kuwa mtaa wowote wa mji wowote. Ukiwa futi 8,000 juu hilo halionekani sana. Kinachoonekana ni jinsi ndege inavyoshika upepo, na hapo X-Plane inaheshimiwa kwa haki.

Ya bure ni FlightGear. Imeandikwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, haina tangazo wala daraja la kulipia, na mandhari yake yote ya dunia hupakuliwa bila malipo. Usiidharau. Ruka na Cessna yake kutoka Wilson, Nairobi, kiwanja kilicho karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ukiwa umeusukuma mkono mwekundu wa mchanganyiko wa mafuta mpaka mwisho kama vile uko Mombasa. Injini itavuta kwa uchovu, mafuta yamezidi hewa, na njia ya kurukia itaanza kukuishia machoni. Urudishe mkono huo nyuma kidogo, mizunguko inapanda. Darasa hilo umelipata bure kwenye kompyuta ambayo programu za dola 60 zisingefunguka. Kitakachokuudhi ni ukame wa sura: viwanja vingi vya Afrika ni lami tupu kwenye majani, bila jengo hata moja la abiria.

Sasa bei za madaraja. Microsoft 2024 ilitoka kwa dola 69.99, 99.99, 129.99 na 199.99. Kwa kadirio la Sh2,600 kwa dola, ni kutoka Sh182,000 hadi Sh520,000. Unapopanda daraja unaongezewa ndege, na nyingine ni ndege kubwa ambazo safari yako haizihitaji. Unazunguka dunia na ndege moja. Chukua daraja la chini, usione haya. Kuhusu mpango wa Microsoft wa kulipia michezo kwa mwezi, kwanza hakikisha unauzwa nchini kwako, kisha piga hesabu: mwaka 2024 ule wa kompyuta ulifika dola 11.99, na umepanda tena tangu hapo. Hata kwa bei ile ya 2024, ukikosa jioni nyingi safari ikafika miezi sita, ni dola 71.94, zaidi ya kuinunua programu ikawa yako. Mpango huo unamfaa anayeonja mwezi mmoja, haumfai msafiri wa miezi sita. Kwenye kulipa siku hizi hakuna tatizo kubwa, kwani kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa inafanya kazi kwenye maduka mengi ya nje. Zingatia tu kiwango cha kubadilishia fedha watakachokukata.

Ndege utakayochagua nayo ni gharama, ingawa watu hawaihesabu. Cessna 172 ikijaa mafuta huenda kilomita 1,180 hivi. Ukitoka Nairobi, ukapanda Misri na Ulaya, Atlantiki inakusubiri, na Cessna huivuka kwa kurukaruka visiwa: Wick ya Uskoti hadi Vágar kilomita 460, Vágar hadi Reykjavik 770, kutoka hapo hadi Kulusuk 735, kisha unaikata barafu ya Greenland kilomita 700 hadi Nuuk, na kilomita 820 za mwisho mpaka Iqaluit, Kanada. Njia ya kusini, Narsarsuaq hadi Goose Bay, ni kilomita 1,250, na tangi halitoshi. Hapo Nuuk pia ndipo unapojua umri wa programu yako: njia mpya ya mita 2,200 ilifunguliwa Novemba 2024, na data ya zamani itakupa ile fupi isiyofika kilomita moja. Upande wa pili wa dunia, Nome ya Alaska hadi Provideniya ya Urusi ni kilomita 375 tu. Mwaka 2022 kijana Mack Rutherford, aliyemaliza kuizunguka dunia peke yake akiwa na miaka 17, alilazimika kuikwepa Urusi kwa kupita juu ya Pasifiki. Kwenye simuleta huombi kibali kwa mtu. Mwisho wa safari, ukitoka Muscat na kushuka Salalah, usijaribu kuvuka moja kwa moja hadi Djibouti, kwani ni zaidi ya kilomita 1,300; pita Mukalla.

Ukitaka kupunguza saa, chukua ndege ya kasi zaidi. X-Plane 12 inakupa Cirrus SR22 ndani ya bei yake ya kawaida, na hiyo huenda kilomita 310 kwa saa bila kulazimishwa. Saa 167 zinashuka hadi 119. Kwenye Microsoft 2020 ndege hiyo hiyo iliwekwa kwenye daraja la juu kabisa, la dola 119.99. Hapa X-Plane imeshinda waziwazi. Anasa moja tu ya ndege ninayoiunga mkono ni Comanche 250 ya A2A Simulations kwa watumiaji wa Microsoft, karibu dola 50. Injini yake inachakaa, oili inapungua, na ukiitesa juu ya Himalaya itakukumbusha ukifika Uarabuni. Safari ndefu inapata maana yake hapo.

Vya kushika mkononi. Bila jostiki usianze. Kibodi itakuchosha kabla hujavuka Ethiopia. Logitech Extreme 3D Pro ni kama dola 40, na Thrustmaster T.16000M ni kama dola 80, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ya pili hutumia sumaku kwenye mielekeo miwili mikuu, kwa hiyo hudumu. Kwenye zote mbili, mkono unaouzungusha kuongoza usukani wa mkia unategemea potenshomita, kitu kinacholika na kuingia vumbi. Ukipewa ya mtumba, ichomeke kwenye kompyuta ya muuzaji, andika joy.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua ukurasa wa kupimia, kisha iache bila kuigusa. Kile kimsalaba katikati ya mraba kitulie tuli. Kikitetemeka, rudisha. Halafu zungusha mkono polepole kushoto na kulia ukiangalia mstari wake: uende laini. Ukirukaruka, ndege itatikisa mkia kila unapotaka kutua, na utadhani kosa ni lako. Muuzaji akikataa upime, huo ndio umekuwa upimaji.

Usukani wenyewe kama wa Cessna, mfano Honeycomb Alpha, unaanzia dola 250 na kuendelea. Ni mtamu, na kwa anayejiandaa na mafunzo ya urubani una hoja. Kwa safari ambayo sehemu kubwa yake ni kusonga mbele kwa mstari ulionyooka, ni pesa iliyolala. Tenga vitufe viwili vya jostiki kwa ajili ya kusawazisha pua ya ndege na utapata raha ile ile. Ramani za kulipia za Navigraph nazo ziache: rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa macho anatoshwa na Little Navmap na SkyVector, zote za bure. VATSIM, mtandao wa waongoza ndege wa kujitolea, nao ni wa bure, ila ukijiunga nao huruhusiwi kuharakisha muda wa simuleta kiholela.

Basi ukiwa na Sh250,000 na bando la simu, nunua T.16000M na uruke na FlightGear. Ukiongeza Sh200,000 nyingine, ongeza X-Plane 12, wala si jostiki kubwa zaidi. Mwenye faiba na kompyuta yenye nguvu achukue Microsoft 2024 ya daraja la chini. Usukani na pedali vingoje mpaka utue Reykjavik. Wengi hawafiki huko, na vitu vyao huuzwa mtumba kwa nusu bei.