Istilahi ya "Usafirishaji Haramu wa Binadamu" katika Rufani za Jinai

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki nchini Tanzania, istilahi za kisheria zimepata uzito mpya. Neno lililokosewa barazani husahihishwa papo hapo. Neno lililokosewa katika hati ya mashtaka huweza kuamua kifungo cha mtu. Katika makala haya twakusudia kuipima istilahi moja, yaani usafirishaji haramu wa binadamu, hasa katika mashauri ya watoto yanayofikia rufani.

Istilahi hiyo imo katika jina la Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Udhaifu wake umo katika kitenzi. Asikiaye kusafirisha hupata mara picha ya njia, chombo na mpaka. Ndiyo maana aghalabu neno lilo hilo hutumika kwa mtu anayewavusha wahamiaji kwa siri, ingawa hilo ni kosa jingine.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 huijenga dhana hii kwa nguzo tatu. Ya kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Ya pili ni njia, kama vile nguvu, vitisho au hadaa. Ya tatu ni lengo, nalo ni kumtumikisha au kumnyonya. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya umri wa miaka 18, nguzo ya pili haihitajiki. Ridhaa yake haimwokoi mshtakiwa. Sheria ya Tanzania nayo hutaja kisingizio cha ajira ya ndani ya nchi pamoja na ya ng'ambo. Kwa hiyo kuvuka mpaka si sharti la kosa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amchukua mtoto wa miaka 12 kutoka Kilwa Masoko kwa ahadi ya shule, ampeleka nchi jirani, na huko mtoto atumikishwa bila ujira. Aliyempokea huko hakumsafirisha hata hatua moja, walakini naye ametenda kosa. Ikiwa hati ya mashtaka yasema tu kwamba mtoto "alisafirishwa kuvuka mpaka", pasipo kutaja lengo, mrufani atakuwa na hoja nzito mbele ya majaji: kwamba hakuelezwa kosa lenyewe. Hapo huenda mkosaji akaachiwa kwa upungufu wa maneno, na mtoto akakosa haki yake.

Pwani hiyo hiyo ya Kilwa ina funzo la zamani. Kwa mkataba wa Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kuyafunga masoko yao. Wafanyabiashara wakaiacha bahari. Misafara ikatoka Kilwa kwa miguu kuelekea kaskazini. Ilibidi mwaka 1876 Sultani atoe matangazo mengine ya kuizuia misafara ya nchi kavu. Katazo liliitaja njia, na biashara ikabadili njia.

Wako wanaopendelea biashara haramu ya binadamu. Istilahi hiyo yaondoa picha ya safari, lakini yaleta picha ya bei. Na jamaa aweza kumtoa mtoto pasipo kupokea hata senti moja.

Kwa kuwa jina la sheria limekwisha kuzoeleka, twaona libaki. Hata hivyo yafaa magendo ya wahamiaji litumike kwa uvushaji wa watu kwa siri. Utumikishaji litajwe wazi kila mara penye lengo la kazi ya kulazimishwa au utumwa, na unyonyaji wa kingono litajwe kwa jina lake. Na kila tendo lipewe kitenzi chake, ili aliyepokea asishtakiwe kwa kusafirisha. Maoni ya mahakimu, mawakili na wafasiri yatapokewa kwa shukrani.