Lugha za Kigeni Zipi Zinastahili Kufundishwa? Mazingatio kutoka Kangundo

Swali la lugha zipi za kigeni zinazostahili kufundishwa aghalabu huzungumzwa mijini, na huzungumzwa kana kwamba lugha ni bidhaa zilizopangwa dukani, kila moja na bei yake. Kifaransa husifiwa kwa diplomasia, Kijerumani kwa ufundi, Kiarabu kwa dini na biashara, Kichina kwa reli na viwanda. Hoja hizo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba humsahau mwanafunzi: hazielezi anatoka katika lugha gani, amekwisha kutumia miaka mingapi kujifunza nyingine, wala ni nani atakayemfundisha. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kutoka Kangundo, katika miinuko ya kahawa ya Machakos, mahali ambapo lugha ya nyumbani ni Kikamba, ya sokoni ni Kikamba pamoja na Kiswahili, na ya mtihani ni Kiingereza.

Kwanza yafaa kuuliza ugeni wenyewe ni nini. Mgeni kwa Kikamba ni mũeni. Shina ni lilo hilo moja la Kibantu, ila Kikamba kimeidondosha sauti ya /g/ ambayo Kiswahili kimeihifadhi. Vivyo hivyo maji ni manzĩ, njia ni nzĩa, mti ni mũtĩ, watu ni andũ. Mtoto wa Kangundo anapoingia darasani kujifunza Kiswahili hukuta ngeli alizokwisha kuzizoea na upatanisho wa kisarufi ambao hahitaji kuelezwa maana yake. Anachopaswa kukiacha ni kingi kuliko anachopaswa kukiongeza: Kikamba kina irabu saba, Kiswahili kina tano, Kikamba kina toni, Kiswahili hakina. Pamoja na hayo, Kiswahili hakikuzaliwa Ukambani. Kilifika kwa misafara, kwa jeshi, kwa utawala na kwa shule, na alama za safari hiyo zimo katika maneno mesa, mbesa na kyai. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba mtoto huyo nyumbani husema sukulu, neno lililotokana na Kiingereza, na darasani husema shule, neno ambalo Kiswahili kililichukua kwa Wajerumani. Mipaka ya dola mbili za kikoloni imo katika kinywa kimoja.

Zamani aliyeona haja ya kujifunza lugha ya kigeni alikuwa mgeni mwenyewe. Misafara ya Wakamba ya pembe za ndovu ilikuwa ikifika Mombasa kabla Wazungu hawajalijua bara, na ni kwa njia hiyo kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Ukambani mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Kitui. Mwaka uliofuata, 1850, zilichapishwa Injili ya Marko kwa Kikamba na orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba na Kiswahili zikiwa miongoni mwake. Misheni ya Africa Inland, iliyoanza kazi Nzaui mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, iliendelea kuchagua Kikamba kwa mahubiri. Agano Jipya likatoka mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956. Serikali haikufuata njia hiyo. Askari wa Kikamba katika jeshi la King's African Rifles aliamrishwa kwa Kiswahili, na karani aliandika kwa Kiingereza. Hivyo kila bwana alikuwa na lugha yake, na raia alitakiwa azijue zote.

Raia nao walijua kuzitumia. Mwaka 1938, serikali ilipowalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, wanachama wa Ukamba Members Association, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu. Watu walikusanywa kwa Kikamba. Malalamiko yalifikishwa London kwa Kiingereza. Muindi alipelekwa uhamishoni Lamu, kwenye chimbuko la Kiswahili. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Paul Ngei, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Kangundo kwa miaka mingi hadi 1990, alitoa gazeti la Kikamba, Wasya wa Mukamba, na jingine la Kiswahili, Uhuru wa Mwafrika. Majina hayo mawili yenyewe yaeleza mgawanyo wa kazi: moja linataja Mkamba, la pili Mwafrika. Hakuna aliyejiuliza ipi kati ya lugha hizo ni kubwa. Waliuliza nani anapaswa kusikia.

Ni kipimo hicho kilichopotea shuleni. Ripoti ya Tume ya Ominde ya 1964 ilikipa Kiingereza nafasi ya kwanza ya kufundishia. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza, na ndipo vikatokea vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu. Kiswahili kilisubiri mpango wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ndipo kikawa somo la lazima lenye mtihani. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 baada ya uhuru, mwanafunzi aliweza kumaliza shule ya msingi Kangundo bila kutahiniwa katika lugha ya taifa. Mwalimu mwenye busara hakulaumika akitumia vipindi vya Kiswahili kufundishia hesabu. Lugha isiyo na mtihani, katika nchi inayoabudu vyeti, huhesabiwa miongoni mwa zile zinazoweza kuachwa, hata ikiimbwa kila siku katika hotuba.

Mohamed Abdulaziz alieleza, katika uchunguzi wake wa 1972 juu ya Tanzania, hali ya lugha tatu zinazogawana kazi: lugha ya kabila, Kiswahili na Kiingereza. Kangundo ina utatu huo huo, ingawa uzito wa kila lugha ni tofauti. Kwa hiyo lugha ya kigeni inayopendekezwa, iwe Kifaransa au Kichina, haiwi ya pili kwa mtoto huyu, kama ilivyo kwa mtoto wa Uingereza. Inakuwa ya nne. Wanaoleta mifano ya Ulaya mara nyingi hulisahau jambo hilo, nao huhitimisha kwamba Mwafrika ni mvivu wa lugha, ilhali amekwisha kuwazidi.

Tukianza na Kifaransa, hoja yake imepata nguvu tangu Rwanda na Burundi zilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Hata hivyo mfanya biashara atokaye Kangundo akifika Goma au Bukavu hatakosa chakula kwa kutojua Kifaransa. Sokoni husemwa Kiswahili, chenye matamshi na msamiati wake. Kifaransa kitamkabili forodhani, benki na mahakamani. Basi kinamfaa mwanasheria, karani wa forodha na mhasibu, na kwa hao kinafaa sana. Kumfundisha kila mtoto kwa ajili ya safari ya Kongo ni kuisahau lugha ambayo tayari imemfikisha huko.

Kiarabu kina habari ndefu zaidi. Vijana wengi wa Kenya, hasa wanawake, huenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na kwao lugha ni ngao: asiyeweza kueleza kwamba ni mgonjwa, au kwamba hajalipwa, yu katika hatari. Mtu angedhani kwamba Kiswahili kimemtangulia njiani, kwa kuwa hesabu kama sita, saba na tisa, na maneno kama wakati, habari na dawa, yana asili ya Kiarabu. Msaada huo upo, lakini ni mdogo, kwa sababu maneno hayo yamevikwa silabi za Kibantu na sarufi ya Kiarabu haikuja pamoja nayo. Tatizo kubwa ni jingine. Kiarabu cha vitabuni ni Kiarabu sanifu, ambacho hakuna mama wa Riyadh anayekitumia jikoni. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne angeweza kusoma gazeti na asielewe anachoamriwa. Kwa msafiri huyu, miezi michache ya lahaja ya Ghuba, pamoja na maneno ya kudai haki, ingefaa kuliko miaka minne ya nahau; na mafunzo hayo ni kazi ya wakala wa ajira na serikali kuliko ya shule ya sekondari.

Kijerumani kimepanda thamani tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano juu ya uhamaji wa wafanyakazi mwezi Septemba 2024. Muuguzi anayetaka kutambuliwa huko kwa kawaida hutakiwa kufikia kiwango cha B2 cha mizani ya Ulaya. Hapa faida ni dhahiri na gharama vilevile: anayelipa ada ya masomo ni familia, na asipofika kiwango hicho, ujuzi wa nusu hauna mnunuzi.

Juu ya Kichina, ilitangazwa mwaka 2019 kwamba kingefundishwa katika shule za msingi kuanzia 2020. Wapinzani wake husema kwamba toni zake haziwezekani. Hoja hiyo ingemfaa Mswahili wa Mvita kuliko Mkamba, ambaye sikio lake limezoea toni tangu utotoni, ingawa kazi ya toni katika lugha hizo mbili si moja. Mzigo halisi ni maandishi, ambayo hudai maelfu ya saa, na saa hizo lazima zitoke katika somo jingine.

Ikiwa ni lazima kuchagua, shule yenye mwalimu mmoja mwema wa Kifaransa ifundishe Kifaransa, na isiyokuwa na mwalimu isifundishe lolote kwa jina tu. Uamuzi huu hautawapendeza wanaotaka orodha ya taifa zima, lakini lugha iliyofundishwa nusu hugharimu sawasawa na iliyofundishwa vema. Kuna pia lugha ambayo haitajwi kamwe katika mijadala hii: Kikikuyu, kinachosemwa ng'ambo ya Ol Donyo Sabuk, karibu kabisa na Kikamba kwa nasaba. Wachuuzi wa soko la Tala hujifunza bila kitabu na bila cheti.

Halafu liko swali lililogeuzwa. Kikamba nacho ni lugha ya kigeni kwa wengi wanaotumwa kufanya kazi Kangundo. Lindblom wa Sweden alikiandikia sarufi, na mwaka 1962 Whiteley na Muli walitoa kitabu cha kukifundishia wageni. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaiagiza dola ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Pamoja na hayo tabibu atokaye Kisumu au Lamu huingia wodini bila neno moja la Kikamba, na mgonjwa mzee asiyejua Kiswahili hueleza maradhi yake kupitia kwa mjukuu wa miaka kumi, ambaye mengine huona haya kuyatafsiri.