Nani kamuuzia nani?

Mfanyabiashara wa Mella, wilayani Tororo, akisema "Nilimuuzia Akinyi mahindi", kiambishi "-mu-" kinamtaja mnunuzi. Kiingereza, lugha ya hati nyingi za mpakani Busia, hakina kiambishi hicho. Hutegemea mpangilio wa maneno.

"I sold Akinyi maize": mpokeaji, yaani shamirisho kitondo, hutangulia bidhaa, ambayo ni shamirisho kipozi. Bidhaa ikitangulia, weka "to": "I sold maize to Akinyi."

Hatari iko kwenye kununua. "I bought Akinyi maize" maana yake ulimnunulia yeye. Kama ndiye aliyekuuzia, andika "I bought maize from Akinyi." Kwenye karatasi ya deni, "from" moja huamua nani anamdai nani.